Kimbunga kikitangazwa Pwani ya Kusini: jiandae hivi, hasa kwa zile siku za baada ya upepo

Habari zenu ndugu zangu. Mimi nipo huku Kilwa, niko kwenye kamati ya maafa ya kijiji, kazi yetu ni kupita nyumba kwa nyumba kuelekeza watu. Ukimtajia mtu kimbunga anawaza upepo tu. Sasa angalieni Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilisogea mpaka karibu na Mafia tarehe 4 kikaanza kuishiwa nguvu, watu wakashusha pumzi, kumbe mvua zake ndo zikaenda kukata barabara ya Dar–Lindi maeneo ya Somanga, na siku hiyohiyo gridi ya taifa ikapata hitilafu umeme ukakatika karibu nchi nzima. Kwa hiyo mwongozo huu nauelekeza zaidi kwenye siku ambazo huna umeme, huna mtandao na gari la bidhaa halifiki.

Na usiseme "huku kwetu hivi vitu havipo". Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kikashukia Cabo Delgado huko Msumbiji, yaani ng'ambo tu ya mto Ruvuma.

Hatua ya 1: Fuata TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), achana na voisi za kutumiwa kwenye magrupu. Msimu wenyewe ni Novemba hadi Aprili, ila Hidaya kilikuja Mei, kwa hiyo endelea kusikiliza. Rangi ya njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wewe usisubiri nyekundu. Ikitoka chungwa anza kazi, maana ikifika nyekundu maduka yameshajaa watu na bei imeshapanda.

Hatua ya 2: Toa hela taslimu. Hili watu wanalisahau kabisa! Minara ya simu inategemea umeme, ikizima, hela yako yote iko kwenye simu na huwezi kununua hata kiberiti, wakala naye hana cha kukupa. Toa hela ya chakula ya siku kadhaa, omba noti ndogondogo kwa sababu chenji inakuwa shida. Chaji simu na pawabenki, nunua betri za redio na tochi.

Hatua ya 3: Maji na chakula. Jaza madumu, ndoo, diaba, kila chenye mfuniko. Piga hesabu ya lita 3 au 4 za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, za siku 3 kwa uchache. Chakula chukua kisichohitaji moto mwingi, karanga, tende, mihogo mikavu, unga wa uji wa watoto. Mkaa uweke juu, ukilowa hauna kazi. Kuna mgonjwa wa sukari, presha au anayetumia ARV? Nendeni mkachukue dawa mapema, mwelezeni nesi sababu.

Kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na karatasi za shamba tia kwenye kindoo cha mfuniko wa kubana, ndo utakachobeba mkiondoka.

Hatua ya 4: Nyumba na vyombo. Bati lililolegea lipigilie, kenchi zifunge na waya wa kufungia nondo. Mawe na matairi yaliyopangwa juu ya bati YASHUSHE, upepo ukilinyanyua bati na jiwe linaruka nalo. Punguza matawi ya mwembe yaliyoelemea nyumba, angua nazi. Wavuvi, ngalawa na mashua zipandisheni juu kabisa ya pale maji ya bamvua yanapofika, na asitoke mtu eti anawahi kutega kidogo tu arudi.

Kama nyumba ni ya udongo au iko bondeni usikae humo, nendeni shule au jengo lolote la tofali lililo juu. Nendeni mchana, wazee na watoto watangulie.

Hatua ya 5: Upepo ukiwa unapiga. Zima swichi kubwa, kaeni chumba cha kati mbali na madirisha. Upepo ukitulia ghafla usitoke, huenda hilo ni jicho la kimbunga, yaani katikati yake palipotulia, linapita na muda si mrefu upepo unarudi kutokea upande mwingine. Halafu tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingie ndani mkiwa mmefunga milango, ile hewa haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Maji yanayokimbia usiyavuke, hata yakiwa chini ya goti yanaweza kumbeba mtu mzima, na huoni kama barabara chini bado ipo.

Hatua ya 6: Baada ya hapo. Usiguse waya ulioanguka wala nguzo iliyoinama. Vyoo vya shimo vikifurika maji yake yanaingia visimani, ndo maana kuharisha na kipindupindu vinafuatia mafuriko. Maji yakiwa na tope yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote au weka dawa ya maji usubiri nusu saa. Soma pakiti kwanza, vidonge vinatofautiana, kingine cha lita nyingi kingine kidogo.

Mtoto akianza kuharisha mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Kama hakuna, lita 1 ya maji salama, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai, koroga, mnyweshe kidogokidogo huku mnaelekea zahanati, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Kisima kilichoingiwa na mafuriko msinywe maji yake mpaka kikombwe, kisafishwe, kitiwe klorini na afisa afya aseme sawa. Kifungeni kamba kuzunguka na mtu mzima awaambie watoto wote wa mtaa.