Jinsi ya kulinganisha shule za nchi na nchi bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Juzi barazani hapa Ngamiani jamaa kikombe cha kwanza cha kahawa hakijaisha kashahukumu, eti tuige Finland, watoto kule hawafanyi mitihani na wanaongoza dunia. Ukikutana na mtu kama huyu usibishane kwanza, muulize mwaka gani.

Maana Finland kweli ilikuwa juu, kwenye PISA, ule mtihani wa kimataifa wa kulinganisha shule za nchi, mwaka 2006 hesabu walipata 548, lakini ya 2022 wakashuka hadi 484, na namba wani ilikuwa Singapore na 575. Halafu mtihani wa taifa wanao, upo mwishoni mwa sekondari ya juu, sema mtoto mdogo hakimbizwi nao.

Pili, na hapa ndo watu wengi wanapigwa, angalia nani kahesabiwa. PISA inapima watoto wa miaka 15 walioko shule, asiyekuwepo darasani hayumo. China 2018 waliingia Beijing, Shanghai, Jiangsu na Zhejiang tu, ni kama upime maisha ya watu wa Tanga kwa kuuliza Raskazone peke yake, mtaa wa wenye nazo. Na sisi vile vile, tangu 2016 ada ya sekondari hadi fomu foo ilipofutwa watoto wamejaa. Sasa chukua kalamu: shule ya watahiniwa 40 wamefaulu 30, hiyo asilimia 75. Ikapokea watoto hadi wakafika 100 wakafaulu 55, utasikia shule imeporomoka, wakati waliofaulu wameongezeka 25! Kwa hiyo asilimia bila idadi usiikubali hata kwa dawa.

Tatu uliza bei, maana hizo maksi hazishuki toka mbinguni. Korea Kusini mtoto akitoka shule anaingia tuisheni, hadi Seoul wakaweka sheria vituo vifungwe saa 4 usiku, na siku ya mtihani wa kuingia chuo ndege hazitui wala kuruka watoto wakiwa wanasikiliza sehemu ya Kiingereza. Singapore wao mtihani wa la sita ndo unaamua sekondari ipi. Mimi wangu simpeleki huko, lakini ni mimi.

Lugha sasa. Mpwa wangu kamaliza la saba hapa hapa, muulize usanisinuru anakuchorea jani, jua na maji bila kusita. Kafika fomu wani kitu kile kile kimekuwa fotosinthesisi, nikamkuta asubuhi kaliandika kwenye kiganja kwa biki herufi kwa herufi, akaja na maksi 3 kati ya 10. Hizo 3 ni za bailojia au za Kiingereza? Mtoto wa Finland anapimwa kwa Kifini au Kiswidi, lugha aliyosomea tangu anaanza.

Na wenye ndugu Mombasa mnaopenda kulinganisha la saba letu na KCPE, mtihani wao Kenya wa kumaliza shule ya msingi, huo mara ya mwisho ulifanyika 2023, tafuteni kingine.

Yule jamaa akaniuliza, haya mwanangu nimpeleke wapi? Nikamwambia nenda ile shule unayoisifia, waulize walioingia fomu wani walikuwa wangapi na waliokaa pepa ya fomu foo wangapi. Akaagiza kashata.