Namna ya Kusoma Mwenendo wa Thamani ya Zao la Miwa: Kenya Tangu 1961

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeweza kufungua jedwali la Excel na kuandika fomula nyepesi, lakini ambaye hajawahi kuketi na takwimu za kilimo za miaka 60 na kuzihoji. Nimeichagua Kenya kwa sababu misukosuko ya sekta yake ya sukari inafahamika hata kwa asiye mtaalamu, na kwa sababu nchi hiyo haivuni viazisukari kibiashara. Kwa hiyo nambari inayoitwa "thamani ya mazao ya sukari" ni thamani ya miwa peke yake, na hilo linatupunguzia kazi.

Hatua ya 1: Amua unachokipima

Kinachohesabiwa ni muwa unaotoka shambani, si sukari inayotoka kiwandani. Nchini Kenya huhitajika, kwa kawaida, tani 10 hadi 12 za miwa ili kupata tani moja ya sukari, kwa hiyo anayechanganya vitu hivi viwili hupata majibu yaliyokosea mara kumi au zaidi. Ninasema haya kwa uzoefu: katika ripoti yangu ya kwanza nilizidisha tani za sukari kwa bei ya tani ya miwa, na hakuna aliyegundua hadi mkulima mmoja aliponiuliza kama miwa ya nchi nzima ilikuwa imeungua.

Kumbuka pia kwamba hii ni thamani ghafi. Haijatoa gharama za mbolea, mbegu, ukataji wala usafirishaji, na kwa mkulima mdogo wa Kakamega au Migori makato hayo humeza sehemu kubwa ya malipo yake. Usiiite kipato cha mkulima.

Hatua ya 2: Pakua mfululizo wa takwimu

Fungua hifadhidata ya FAOSTAT ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, nenda kwenye sehemu ya uzalishaji, kisha uchague thamani ya uzalishaji wa kilimo. Chagua Kenya, zao la miwa, na miaka yote kuanzia 1961. Katika upakuaji wa pili, chukua tani zilizozalishwa, eneo lililovunwa na mavuno kwa hekta. Kutoka Shirika la Takwimu la Taifa la Kenya, yaani KNBS, chukua bei ya wastani ya tani ya miwa na tani zilizopokelewa viwandani, ambazo huchapishwa katika taarifa ya kila mwaka ya hali ya uchumi.

Usiifute safu ya alama iliyo kando ya kila nambari ya FAOSTAT. Herufi A humaanisha takwimu rasmi, E ni makadirio, na I ni nambari iliyojazwa kwa hesabu pale ambapo nchi haikutoa yake. Miaka mitano mfululizo yenye I ikichora mstari ulionyooka, mstari huo umechorwa na kompyuta, haukulimwa na mtu.

Hatua ya 3: Tenganisha thamani tatu

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Neno "thamani" linabeba vipimo vitatu, na kila kimoja kinaweza kutoa mwenendo wake. Tuchukue nambari za mfano, si takwimu halisi za Kenya. Mwaka wa kwanza nchi ilivuna tani milioni 7 kwa bei ya shilingi 3,500 kwa tani. Mwaka wa pili ilivuna tani milioni 5, lakini uhaba ukapandisha bei hadi shilingi 5,000. Katika kipindi hicho fahirisi ya bei za walaji, yaani kipimo cha jinsi bei za bidhaa za kawaida zinavyopanda, ilipanda kutoka 100 hadi 125.

Kwa bei za mwaka husika, thamani ilitoka shilingi bilioni 24.5 ikafika bilioni 25, yaani imepanda kwa asilimia 2. Kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka tunaoutumia kulinganishia, tukiendelea kutumia shilingi 3,500, mwaka wa pili una thamani ya bilioni 17.5, yaani imeshuka kwa takribani asilimia 29. Na tukizigawa zile bilioni 25 kwa 1.25 ili kuondoa mfumuko wa bei, tunapata bilioni 20, yaani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 18. Hakuna jibu la uongo kati ya haya matatu. La kwanza linaeleza fedha zilizopita mikononi mwa watu, la pili linaeleza wingi wa miwa, na la tatu linaeleza uwezo wa fedha hizo kununua vitu vingine.

Sasa angalia ni kipimo kipi FAOSTAT hukipa nafasi. Thamani yake kwa bei zisizobadilika hutumia wastani wa bei za 2014 hadi 2016, na bei hiyo moja huzidishwa kwa tani za kila mwaka kuanzia 1961 hadi leo. Maana yake ni kwamba kwa zao moja, mchoro wa thamani hiyo una umbo lile lile la mchoro wa tani. Ni tani zilizovishwa nguo za fedha. Anayeandika kwamba "thamani ya miwa imeongezeka maradufu" kwa kutazama mchoro huo ameeleza kuongezeka kwa miwa, wala hajasema neno lolote kuhusu bei. Ukitaka kujiridhisha, gawanya safu ya thamani kwa safu ya tani: utapata nambari ile ile kila mwaka, isipokuwa tofauti ndogo za kukadiria desimali.

Hatua ya 4: Ondoa mfumuko wa bei

Kwa thamani ya tatu utahitaji fahirisi ya bei za walaji iliyounganishwa. KNBS ilibadilisha kizio cha fahirisi hiyo, ikatoka Februari 2009 kwenda Februari 2019, kwa hiyo huwezi kupanga nambari za zamani na mpya katika safu moja bila kuziunganisha. Tafuta mwezi ambao una nambari katika fahirisi zote mbili, gawanya ya zamani kwa mpya, kisha ugawanye mfululizo wote wa zamani kwa jibu hilo. Rudia hivyo kwa kila badiliko la kizio unaporudi nyuma.

Usikwepe kazi hii kwa kugeuza shilingi kuwa dola. Shilingi ya Kenya iliporomoka vibaya mwaka 1993, na tena ilifika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 kabla ya kurudi karibu 130 katika mwaka huo huo. Ukipima kwa dola za sasa, utaona miwa ikiporomoka na kufufuka ilhali mashambani hakuna kilichobadilika.

Hatua ya 5: Lainisha mstari, kisha upime kasi

Tengeneza wastani wa miaka 3 unaosogea, yaani kwa kila mwaka chukua wastani wa mwaka huo na miaka iliyo jirani nao. Kwa miwa nachagua 3 kwa sababu za shambani: muwa uliopandwa upya magharibi mwa Kenya huhitaji takribani miezi 18 kukomaa, na maotea, yaani miwa inayochipua upya kutoka kwenye mashina yaliyokatwa, huwahi kidogo, kwa hiyo uamuzi wa mkulima wa mwaka huu huonekana katika tani za mwaka kesho au kesho kutwa. Viwanda vikichelewesha malipo na wakulima wakang'oa miwa wapande mahindi, anguko lake halitaonekana mwaka huo.

Ili kupata kasi ya ukuaji, watu wengi huchukua mwaka wa kwanza na wa mwisho tu. Njia hiyo ni hatari. Uzalishaji wa sukari ya Kenya ulikuwa karibu tani 640,000 mwaka 2016, ukaanguka hadi takribani 376,000 mwaka 2017 kwa sababu ya ukame na uhaba wa miwa. Hesabu inayoishia 2016 na inayoishia 2017 zinasimulia nchi mbili. Chukua badala yake logarithi ya thamani kwa fomula ya LN, kisha utumie SLOPE dhidi ya safu ya miaka. Jibu ukilipitisha kwenye EXP na kutoa 1, utapata wastani wa ukuaji kwa mwaka unaotumia miaka yote. Mchoro nao uchore kwa kipimo cha logarithi, la sivyo miaka ya 1960 itaonekana kama sakafu.

Hatua ya 6: Gawanya badiliko katika visababu vyake

Thamani hupatikana kwa kuzidisha eneo, mavuno kwa hekta na bei. Ukitumia logarithi, mabadiliko ya visababu hivi hujumlishwa. Katika mfano wetu, tani zilichangia −0.336 na bei ikachangia +0.357, jumla ni +0.02, ndiyo ile asilimia 2 ya awali. Sasa inaonekana wazi kwamba utulivu ule wa juu juu ulificha nguvu mbili kubwa zinazovutana.

Kwenye eneo, tumia lililovunwa, si lililopandwa. Na mavuno ya tani 60 kwa hekta baada ya miezi 18 ni sawa na tani 40 tu kwa mwaka. Ukilinganisha na zao la msimu mmoja bila kurekebisha, utausifu muwa kupita kiasi.

Hatua ya 7: Weka historia juu ya mchoro

Chora mistari ya wima kwenye miaka ambayo jambo lilitokea, ndipo utafsiri. Kiwanda cha Miwani kilianza 1922, kabla ya mfululizo wetu, kisha vikaja Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, Nzoia 1978 na Sony (kiwanda cha Nyanza Kusini) 1979. Utaratibu huu unaeleza kwa nini mwinuko wa awali ulitokana hasa na eneo: kila kiwanda kilikuja na mashamba yake. Pwani, kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na Kwale ikakaa muda mrefu bila kiwanda. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa niaba ya wadai, mwaka 2019, lakini usitarajie tani za nchi zianguke kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa viwanda binafsi vilivyofunguliwa jirani vilikuwa vimeshaanza kuichukua miwa yake.

Mwaka 2023 ni mtihani mzuri kwa kazi yako. Viwanda vilikuwa vikigombania miwa michanga, na mwezi Julai viliamriwa kusimamisha usagaji ili miwa ikomae; sukari ikashuka kutoka karibu tani 800,000 mwaka 2022 hadi takribani 470,000. Panga thamani zako tatu za miaka hiyo miwili kando kwa kando. Zikishuka zote kwa asilimia ile ile, rudi Hatua ya 3, kwa kuwa bila shaka umetumia bei moja mahali pote.

Mwisho, linganisha tani za FAOSTAT na zile zilizopokelewa viwandani. Hazilazimiki kulingana, kwani miwa inayokwenda kwenye mitambo ya sukari guru haipiti kwenye mizani ya kiwanda. Andika chini ya mchoro wako ni tani zipi ulizotumia.