Darubini Ndogo Karibu na Ikweta: Jinsi ya Kuisimika, Kuilenga na Kuitunza

Kijitabu cha maelekezo kinachokuja na darubini mara nyingi humtaka mnunuzi aitafute kwanza Nyota ya Kaskazini, na hapo ndipo mtu wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa anapokwama, kwa kuwa nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho yake na hataiona hata akikesha mwaka mzima. Vijitabu hivyo huandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Huku kwetu sayari hupita karibu na utosi, nyota huchomoza na kuzama karibu wima, na anga la kaskazini na la kusini yote mawili huonekana. Maelezo yafuatayo yanamhusu mwenye darubini ndogo, yaani yenye kipenyo cha kati ya milimita 60 na 150, anayetaka kuitumia katika anga hilo.

Stendi

Ninaanza na stendi kabla ya vioo, kwa sababu darubini nyingi hutelekezwa stoo si kwa ubovu wa lenzi zake bali kwa stendi isiyotulia au isiyofaa mahali inapotumika. Stendi ziko za namna mbili. Ya kwanza husogea juu na chini, kisha kulia na kushoto, kama shingo ya mtu. Ya pili, inayoitwa ya kiikweta, ina mhimili unaopaswa kulazwa sambamba na mhimili wa dunia, ili kuzungusha kitasa kimoja tu kutoshe kuifuata nyota usiku kucha. Pembe ya mhimili huo kutoka ardhini hulingana na latitudo ya mahali: London ni nyuzi 51 na nusu, Dar es Salaam haizidi 7, na Kampala haifiki hata nyuzi moja. Mhimili ukilazwa kiasi hicho, chuma cha kusawazisha uzito huanza kugonga miguu ya stendi kabla hujakizungusha mbali, na stendi kadhaa za bei nafuu hazikubali kabisa kuinamishwa hadi hapo. Ncha ya kusini ya anga nayo haina nyota angavu ya kulenga, na kwa mkazi wa pwani imezama chini kabisa katika utusitusi wa upeo wa bahari au wa nchi kavu.

Kwa maoni yangu, anayenunua darubini yake ya kwanza katika eneo letu hana sababu ya kulipia stendi ya kiikweta. Achukue ya namna ya kwanza, na akiweza achague muundo ulioenezwa na John Dobson huko San Francisco, ambamo bomba la darubini hukaa ndani ya sanduku la mbao linalozunguka juu ya ubao ulio chini. Sanduku la namna hiyo fundi seremala wa mtaani analiweza vizuri akipewa vipimo. Aliyekwisha kununua ya kiikweta asiitupe: skrubu ya latitudo ikiruhusu, ausimamishe mhimili wima, nyuzi 90, na stendi itasogea kama ya kawaida. Stendi ya miguu mitatu inayotikisika hutulia ukifupisha miguu yake na kuning'iniza katikati chupa ya maji ya lita tano.

Namba zilizoandikwa kwenye lenzi

Darubini ina lenzi au kioo kikuu cha kukusanya mwanga, na lenzi ndogo ya jicho ambayo hubadilishwa. Ukitaka kujua inakuza mara ngapi, gawanya urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi au kioo kikuu hadi mahali miale ya mwanga inapokutana) kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 700 ikifungwa lenzi ya jicho ya milimita 25 hukuza mara 28, na ikifungwa ya milimita 10 hukuza mara 70. Boksi likitangaza kwamba darubini hiyo inakuza mara 525, limefanya hesabu sahihi ya kitu kisicho na faida, kwa sababu ukuzaji wenye maana hauvuki takriban mara mbili ya kipenyo cha kioo kikuu kwa milimita. Kioo cha milimita 114 kinaishia kwenye mara 228 usiku hewa inapotulia kabisa, na usiku mwingi hata nusu ya hapo inatosha. Kinachostahili kulipiwa ni kipenyo. Anza kila utazamaji na lenzi ya jicho yenye namba kubwa, yaani inayokuza kidogo, ukipate kitu na kukiweka katikati, ndipo ubadilishe.

Kazi ya mchana

Darubini hutayarishwa mchana. Juu ya bomba pana kifaa kidogo cha kulengea, ambacho ni darubini nyembamba yenye alama ya msalaba au kioo chenye nukta nyekundu, na kisipolingana na bomba lenyewe utazunguka angani usiku kucha bila kuuona hata Mwezi. Chagua kitu kilicho umbali wa nusu kilomita au zaidi, kama ncha ya mnara wa simu, upande ambao jua halipo wala halielekei. Kitafute kwa lenzi ya milimita 25, zungusha kitasa cha kurekebishia hadi kingo zake ziwe kali, kiweke katikati, kisha bila kuligusa bomba geuza skrubu za kilengeo hadi nukta yake ikae juu ya ncha ileile. Badilisha lenzi, weka ya milimita 10, urudie. Usishangae mnara ukionekana umepinduka, kwa kuwa darubini za angani nyingi hupindua taswira na hilo si kasoro.

Jua lenyewe halitazamwi kamwe kwa darubini isiyo na kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya bomba, upande mwanga unakoingia. Mwanga uliokusanywa na kioo cha milimita 114 huunguza retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mara moja, na retina haina mishipa ya maumivu ya kukuonya. Baadhi ya darubini za bei nafuu huja na kichujio kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho kwa ajili ya jua. Kivunje na ukitupe, kwa maana hukaa mahali ambapo joto limekusanyika na kinaweza kupasuka jicho likiwa nyuma yake. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua, kama ile iliyotumiwa na umati uliokusanyika Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, ni ya macho matupu na haivaliwi mbele ya darubini. Nalisisitiza hili kwa kuwa kupatwa kwingine kunakuja tarehe 2 Agosti 2027, na Afrika Mashariki itakuona kwa sehemu. Ukimaliza kazi ya mchana, funika bomba pande zote mbili, hasa nyumba yenye watoto.

Usiku wenyewe

Itoe darubini nje nusu saa kabla, vioo vifikie joto la hewa. Iweke juu ya udongo au majani. Paa la zege na ua wa saruji hutoa joto lililohifadhiwa tangu adhuhuri, na hewa inayopanda hapo huifanya sayari ichezecheze kama jiwe lililo chini ya maji yanayotiririka. Zima taa za nje na uyape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza, na usiangalie simu katika muda huo. (Umeme ukikatika mtaa mzima, shughuli hii ni mojawapo ya chache zinazonufaika.)

Jambo ambalo vijitabu havilitaji ni utosi. Mtu wa London huweza kuiona sayari ikifika kileleni nyuzi 15 tu juu ya paa la jirani, ilhali kwa mtu wa Dar es Salaam sayari ileile hufikia nyuzi 60 au zaidi kila mwaka, na mara nyingine hupita utosini hasa. Hiyo ni bahati kubwa, kwa maana mwanga wa juu hupita katika hewa nyembamba zaidi na taswira hutulia. Ila stendi inayosogea juu-chini na kulia-kushoto hushindwa ikifika hapo: bomba likisimama wima, kulizungusha kulia hakulipeleki popote angani, na kila hatua ndogo ya sayari hudai mzunguko mkubwa wa stendi. Basi usingoje sayari ifike kileleni. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ukiitazama saa mbili kabla au baada ya kupita utosini utaikuta kwenye nyuzi 60 hivi, hewa ikiwa bado nzuri na shingo yako ikiwa salama. Keti kwenye kigoda. Jicho la mtu aliyeketi huona zaidi ya la aliyeinama.

Mzunguko huohuo wa anga hukitoa kitu nje ya taswira. Kwa ukuzaji wa mara 70 sayari hulikatiza duara la lenzi kwa takriban dakika tatu. Badala ya kuifukuza kila sekunde, itangulie: lisogeze bomba hadi sayari iwe kwenye ukingo inakoingilia, ondoa mkono, acha mtikisiko uishe, kisha itazame inavyovuka.

Mwezi uwe wa kwanza, na usiwe mpevu. Ukiwa umejaa, mwanga wa jua huuangukia uso wake moja kwa moja na vivuli hutoweka, hivyo huonekana kama sahani tupu. Tarehe 6 hadi 10 za mwezi mwandamo ndizo bora. Elekeza darubini kwenye mstari unaotenga nuru na giza, mahali ambapo jua linachomoza huko Mwezini, nawe utaona kuta za kreta, yaani mashimo ya duara, zikitupa vivuli virefu na vilele vya milima vikiwaka vyenyewe ndani ya giza. Siku moja au mbili baada ya nusu ya kwanza, tafuta karibu na mstari huo kreta ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93 na vilele katikati. Ramani za Mwezi huchapwa kaskazini ikiwa juu, lakini kwetu hilali hulala chali jioni, kwa hiyo ukiwa umeelekea magharibi ishike ramani kaskazini yake ikiwa mkono wa kulia. Kwa darubini inayokusanya mwanga kwa kioo, si kwa lenzi, ipindue tena, kaskazini iende kushoto.

Kwa Mshtarii, tafuta nukta nne zilizojipanga mstari mmoja kandokando yake. Ndiyo miezi ya sayari hiyo ambayo mwanaastronomia Galileo alianza kuifuatilia Januari 1610. Ulio karibu zaidi kati ya hiyo minne, Io, huizunguka sayari kwa saa 42 na nusu hivi, hivyo ukichora nafasi zao saa mbili usiku na kuchora tena saa sita utaona tofauti. Zohali huonyesha pete zake hata kwa mara 30, ila ikumbukwe kwamba Machi 2025 pete hizo zilituelekea kwa ukingo, na zinafunguka tena polepole mwaka hadi mwaka. Zikionekana nyembamba, darubini haina kosa.

Kuhusu nyota nitasema machache. Kilimia hupendeza kwa ukuzaji mdogo kabisa, na darubini ya macho mawili ya 10x50 (inayokuza mara 10, yenye lenzi za milimita 50) hukionyesha vizuri kuliko darubini nyingi kubwa. Alpha Centauri, jirani wa Msalaba wa Kusini, hugawanyika kuwa nyota mbili kwa mara 70. Omega Centauri ni kundi la nyota ambalo mtu wa London halioni kamwe. Kwa kitu hafifu kama hicho, usikikodolee macho moja kwa moja bali tazama kandokando yake, kwani pembe ya jicho huhisi mwanga hafifu vizuri kuliko katikati.

Utunzaji

Pwani adui wa vioo ni unyevu na chumvi. Kuvu huota juu ya lenzi kama utando wa buibui, na ikishakula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo alama yake haitoki. Baada ya kutazama usifunike darubini iliyopata umande; iingize ndani, iache wazi ikiinamishwa kidogo hadi ikauke, ndipo uifunge. Hifadhi lenzi za jicho katika kopo linaloziba barabara pamoja na vifuko vipya vya silika jeli, chembechembe zinazofyonza unyevu. Mchele haufai, kwa sababu una vumbi.

Vumbi kidogo juu ya kioo kikuu halipunguzi chochote cha kuonekana, lakini kitambaa kilichopitishwa juu ya vumbi huchora mikwaruzo. Lipulize kwa mpira wa kupulizia hewa na usitumie mdomo, ambao hutia mate. Alama ya kidole kwenye lenzi ya jicho iondolewe kwa pamba safi iliyoloweshwa kidogo kwa kimiminika cha kusafishia lenzi za kamera, ukiipitisha mara moja kutoka katikati kwenda ukingoni na kuitupa pamba hiyo kabla ya kuchukua nyingine.