Kuacha nyama bila kushinda njaa: anza na sufuria ya maharage

Kila nikisema sili nyama swali la kwanza ni "sasa unakula nini?" na mara nyingi anayeuliza jana yake mchana kala wali maharage, usiku kala ugali na mchicha wa karanga, yani siku nzima hajagusa nyama na wala hakuona kapungukiwa na kitu. Ndo maana nimeamua kuandika hii kwa wale wanaotaka kuacha kabisa au hata kupunguza tu, maana vyakula vyenyewe tunavyo tangu zamani, tatizo ni namna tunavyoanza.

Mimi niliacha nyama na samaki mwaka 2017, maziwa na mayai natumia, naishi Dar na napikia watu wanne. Mwezi wa kwanza nilikosea vibaya na kosa lenyewe naliona kwa wengi hadi leo: unatoa nyama kwenye sahani afu huweki kitu pale ilipokuwa, unabaki na wali na kachumbari, au ugali na majani, ikifika saa kumi jioni mikono inatetemeka, kichwa kinauma, baada ya wiki tatu unarudi kwenye nyama unasema mwili wangu umekataa. Kumbe ulichokosa ni maharage. Kila mlo mkubwa lazima uwe na jamii ya kunde ndani yake, iwe maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu au njugu mawe, hilo ndo la kwanza na mengine yote yanafuata hapo.

Basi tuanze na kupika maharage vizuri, maana wengi wanaoyachukia wamekulia maharage ya shule ya bweni, maji matupu na wadudu juu, hata mimi ningeyachukia.

Sokoni muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu hayaivi hata uyapikie gunia la mkaa, ngozi inabaki ngumu, mchuzi haushiki. Ya njano yanaiva upesi na yana utamu wake, mekundu yanatoa mchuzi mzito, chagua unachopenda. Chambua kwenye ungo, toa mawe na yaliyotobolewa, osha, loweka usiku kwenye maji mengi, masaa 8 mpaka 12 yanatosha. Asubuhi yale maji MWAGA, usiyapikie, hapo ndo gesi ya tumboni inapungua sana. Weka maji mapya, bandika, na hasa kama ni mekundu hakikisha yamechemka kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto, kwasababu mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha na moto mdogo peke yake hauiondoi. Nyanya, ndimu, ukwaju usiweke mpaka yaive kabisa, uchachu unayafanya yagome. Kuhusu magadi, ni kweli yanalainisha haraka na mkaa ni ghali, ila yanaua vitamini B1 iliyomo kwenye maharage kwaiyo mimi nimeacha, kuloweka kunatosha. Ukiwa na presha kuka ndo umemaliza kabisa, yaliyolowekwa nusu saa tu yameiva.

Sasa kuunga. Kwetu Tanga maharage bila nazi ni kama hayajamaliza kupikwa. Kuna nazi moja kwa nusu kilo ya maharage, kamua tui zito weka pembeni, ongeza maji ya uvuguvugu kamua tena upate tui jepesi. Maharage yakishaiva na maji yamekaribia kukauka mimina tui jepesi, kitunguu, nyanya, karoti, hoho, kitunguu saumu kidogo, chumvi, acha yachemke mpaka nyanya ipotee, afu ponda maharage machache kwa mwiko ukingoni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Mwisho kabisa tui zito, na hapo usiondoke jikoni jamani, koroga taratibu bila kuacha mpaka lichemke, ukiliacha linakatika, mafuta huku maji kule. Pilipili mbuzi nzima juu, isipasuke, itoe harufu tu.

Pika kilo nzima kwa wakati mmoja ila chukua kiasi cha kuunga leo, yaliyobaki yaliyochemshwa tu gawanya kwenye vikopo uweke kwenye friza. Hii imenisaidia kuliko kitu kingine chochote, maana siku nyama inaporudi nyumbani ni siku ile umechoka, umefika saa mbili usiku, hakuna kilicholowekwa na jirani anachoma mishkaki.

Usile maharage kila siku lakini, utachoka. Choroko hazihitaji kulowekwa, dakika 40 hivi zimeiva, nzuri kwa siku ya kusahau. Mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, watu wa pwani hili hamhitaji kufundishwa. Badia za kunde futari au jioni na chai. Makande ya Wapare, mahindi na maharage sufuria moja, hiki kwangu ndo chakula kilichofikiriwa sana kuliko vyote: protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage yanaujazia na ya maharage ina upungufu ambao mahindi yanaujazia, na bibi zetu walikuwa wanapika hivyo bila kuambiwa na daktari. Kenya ni githeri, kitu kilekile. Wala si lazima vyote viwe kwenye sahani moja, ukila huku mchana na kule usiku mwili unajipangia.

Karanga uwe nazo ndani muda wote, zilizosagwa. Gramu 100 za karanga zina kama gramu 25 za protini, kwaiyo mchicha wa karanga si mboga ya pembeni, ni chakula. Vijiko vitatu vinne vya karanga ya kusaga, koroga na maji kwanza kwenye bakuli isifanye madonge, ndo umimine kwenye mchicha. Hivyohivyo kwa majani ya maboga, matembele, na kisamvu. Kisamvu kina masharti yake, ndugu zetu wa Kongo wanaoita sombe wanajua: majani ya muhogo mabichi yana sumu, lazima yatwangwe vizuri kwenye kinu (blenda sawa pia) afu yachemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, usifunike mwanzoni, mvuke utoke. Ukiona mtu anakwambia kisamvu cha dakika kumi usikubali.

Kuna vitu viwili vya afya nataka uvishike. Damu, yani madini ya chuma: yaliyopo kwenye kunde na majani mwili unayanyonya kwa shida kuliko ya nyama, dawa yake ni kukamulia ndimu juu ya mboga ukishaepua, au kula chungwa, embe, pera baada ya chakula, na chai ya majani isogeze mbele lisaa limoja au mawili baada ya kula, chai na chakula pamoja inazuia hayo madini yasiingie. Wajawazito na mabinti hili ni muhimu sana, na kama mjamzito umepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki meza, usiache kwasababu unakula mchicha. La pili ni vitamini B12. Hii haipo kwenye mimea, hakuna jani wala kunde inayokupa ya kutosha, mtu asikudanganye na mlonge. Ukitumia maziwa na mayai kila siku unapata kiasi, ukiacha vyote hivyo lazima umeze vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezewa, upungufu wake unakuja polepole na unaharibu mishipa ya fahamu, ganzi miguuni, kusahausahau. Pima, uliza famasi, usibahatishe.

Kula nje sio kugumu kama watu wanavyofikiri. Kwa mama ntilie uliza kwa adabu, "shikamoo mama, maharage ya leo umeunga na nini?" na useme mapema "naomba usinimwagie mchuzi wa nyama juu ya wali", maana wanamwaga kwa ukarimu kabla hujafungua mdomo. Mchicha uliza kama umechanganywa dagaa, na kama dagaa huli sema, wengi hawahesabu dagaa kama nyama. Chipsi mara nyingi zinatoka kwenye mafuta yaliyokaanga kuku, hapo uamue mwenyewe unasimamia wapi. Vile vidonge vya kuungia mchuzi soma pakiti. Mjini Dar maeneo ya Kisutu na Upanga kuna migahawa ya Wahindi wasiokula nyama kabisa, hapo hutauliza chochote, unakula dengu, viazi, chapati mpaka unashiba. Na kama una rafiki Msabato mwombe akufundishe soya, wengi wao wanaijua, zile za vipande unaloweka maji ya moto, unakamua vizuri, ndo unakaanga na tangawizi na kitunguu saumu, usipokamua zinabaki na harufu.

Harusini pilau limepikwa na supu ya nyama, kuchambua vipande hakusaidii, kula nyumbani kabla ya kwenda na pale chukua ndizi, kachumbari, matunda, kaa na watu furahi nao bila kutoa hotuba.

Ukweni ndo pagumu zaidi, kwasababu mtu kakuchinjia kuku kwa heshima yako na wewe unakataa, unaonekana umemkataa yeye. Usisubiri mpaka sahani ifike. Piga simu siku tatu kabla, mwambie mama mkwe mwenyewe na si kumtuma mumeo, mwambie nyama sili ila chakula chake nakula, na uende na hotipoti ya kitu ulichopika ukaweke mezani kwa ajili ya wote. Mimi mara ya kwanza nilibeba mbaazi za nazi, zikaliwa zikaisha kabla ya kuku. Sasa hivi mama mkwe akisikia tunakuja ananipigia jioni yake kuniambia mbaazi kashaziloweka, nilete nazi mbili.