Kulisha farasi wadogo wanaolala nje wakati wa baridi
Kwa wanaofuga farasi wadogo wa aina ya Shetland huko Uskoti, wanaolala nje hata majira ya baridi, ningependa kusisitiza kwamba nyasi kavu huwapasha joto kuliko nafaka, kwa sababu nyuzinyuzi zinapochachuka ndani ya utumbo mpana huzalisha joto kwa saa nyingi. Farasi wa kilo 200 huhitaji takribani kilo 4 za nyasi kavu kwa siku. Manyoya marefu yasiwadanganye, kwani huficha mbavu. Pitisheni vidole chini yake kila wiki, na mkizikuta zimechomoza, ongezeni nyasi taratibu. Wekeni mafungu yanayozidi idadi ya farasi, ili mnyonge anayefukuzwa na wenzake apate mahali pa kula. Barafu kwenye hori la maji ivunjwe asubuhi na jioni, maana farasi asiyekunywa vya kutosha nyasi humkwama tumboni, na maumivu yake ni makali mno.