Somo: Kupiga shikkui, lipu ya chokaa ya Kijapani, ukutani kwako mwenyewe

Wakuu habari, wengi mmeniuliza kuhusu ule ukuta mweupe wa chumbani kwetu huku Japani, basi leo naweka somo lote. Nimeshapiga vyumba viwili, na cha pili ndo kilitoka safi.

Shikkui ni chokaa iliyozimwa (yaani imeshamwagiwa maji ikachemka na kupoa) inachanganywa na gundi ya mwani uliochemshwa na nyuzi za hempu zilizokatwa fupi fupi. Mwani unashika maji yasikimbie haraka, nyuzi zinazuia nyufa, halafu chokaa yenyewe inavuta kaboni dayoksaidi ya hewani inarudi taratibu kuwa jiwe. Ile ngome ya Himeji ya huku Japani wanayoifananisha na yangeyange, weupe wake ni huu huu.

Hatua 1: Hesabu. Unene wa milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Sisi tunapiga mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya milimita 1 kila mmoja, kwa hiyo ukuta wa mita 10 za mraba unakula lita 20, ongeza kidogo ya kumwagika. Nunua ile iliyokwisha changanywa kwenye ndoo, mara ya kwanza usihangaike kuchemsha mwani.

Hatua 2: Ukuta. Kama ni jipsamu bodi, ziba maungio kwa tepu ya nyavu na fila (ile pasta ya kuzibia), acha ikauke kabisa. Kisha paka praima, ile ya kuziba ukuta kabla ya lipu, na hapa msiruke jamani, maana ukuta wa zamani au plaiwudi unatoa maji ya kahawia yanapenya mpaka juu na weupe wote unaharibika. Bandika masking tepu pembeni, funika sakafu.

Hatua 3: Mkono wa kwanza. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza. Chota kidogo na mwiko wa fundi, anza kona ya juu, sukuma kwa nguvu ishike, ule ukingo wa mwiko unaotangulia uuinue kidogo tu. Mkono huu hauhitaji urembo.

Hatua 4: Mkono wa pili, hapa ndo penye kazi. Gusa ukuta na kidole: ukibaki na uji kidoleni subiri, alama ikiingia kidogo na kidole kikatoka kikavu, anza. Ukishapaka usirudi rudi kila unapoona mstari, subiri ule mng'ao wa maji upotee ndo upitishe mwiko msafi mara moja moja. Chumba cha kwanza nilirudia rudia kona moja mpaka ikachubuka nikaikwangua yote. Ukuta mmoja umalizwe siku moja bila kukatisha katikati, la sivyo kiungo kitaonekana.

Hatua 5: Toa ile masking tepu kabla lipu haijakauka, polepole. Usiwashe feni wala hita kuharakisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu imetoa nyufa nyembamba kama nywele, nimekosea wapi?
Jibu: Mara nyingi ni unene kupita kiasi au upepo wa dirishani. Kama ufa umefuata mstari ulionyooka basi ni maungio ya bodi, tepu haikushika.

Swali: Niko Unguja, hii si chokaa yetu ile ya Mji Mkongwe?
Jibu: Ni ndugu kabisa dada, yetu ilitokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa, ila haina gundi ya mwani na inapigwa nene zaidi. Kuta za zamani za huko zipige chokaa, si saruji, maana zinahitaji kupumua, saruji inafungia unyevu ndani na lipu inabanduka. Na usichukue chokaa ambayo haijazimwa ukaimwagia maji ndani ya nyumba, inachemka kweli kweli.

Swali: Bafuni inafaa?
Jibu: Panaporukiwa na maji moja kwa moja hapana, pale weka vigae.

Swali: Ikiingia jichoni?
Jibu: Osha na maji safi yanayotiririka muda mrefu bila kufikicha, halafu nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa. Ndoo ya maji safi iwe karibu kabla hujafungua chokaa.