Umepata katamarani ya tanga Kigoma? Anzia hapa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua, au anayetaka kununua, katamarani ndogo ya ufukweni: bodi mbili za faiba, turubai katikati, matanga mawili, haina injini. Mfano wangu ni Hobie 16, aina iliyosambaa sana duniani. Ina urefu wa mita 5 na kidogo, uzito wa kilo 145 hivi, na mlingoti wa mita 8. Wavuvi wa dagaa wa huku wameunganisha mitumbwi miwili miaka mingi, kwa hiyo umbo halitamshangaza mtu. Mwendo ndio utakaowashangaza, na wewe mwenyewe ukiwemo.

Hatua ya 1: Ikague kabla hujalipa

Gonga bodi kwa vifundo vya vidole kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Mlio ukibadilika ghafla na kuwa mzito, simama hapo. Bonyeza kwa dole gumba kuzunguka pale miguu ya fremu inayounganisha bodi mbili inapoingia kwenye bodi. Faiba ikibonyea, ujue imeachana na povu la ndani. Achana nayo hata wakikupunguzia nusu ya bei. Tanga lililochakaa lisikutishe, hilo linabadilishwa.

Pitisha kitambaa juu ya waya zote za mlingoti. Kikinasa, kuna uzi uliokatika, na waya hiyo ni ya kubadilisha. Kama chombo kimetoka pwani, kagua pale skrubu za chuma zinapokutana na alumini, maana chumvi hula hapo kwanza. Ziwa letu ni la maji baridi na halina usumbufu huo.

Hatua ya 2: Karatasi na majaketi

Nenda TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, uulize kuhusu ukaguzi na usajili kabla hujaingia majini. Kila atakayepanda awe na jaketi la kuokolea maisha, alivae na alifunge. Kulikalia si kulivaa.

Hatua ya 3: Simamisha mlingoti

Kwanza tazama juu. Mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme unaua, kwa hiyo usiusimamishe wala kusukuma chombo penye nguzo za umeme karibu.

Ulaze mlingoti kuelekea tezi, kitako chake ukifunge kwa pini, na waya za pembeni ziwe zimeshafungwa. Mmoja asimame juu ya turubai na kuuinua, mwingine aufuate kutoka nyuma akisukuma, wa tatu avute waya ya mbele hadi pini yake iingie. Kila pini ipate kipete chake, kisha zungushia utepe. Kipete kidogo tu kikichomoka, mlingoti mzima unakuja chini.

Kagua pia vizibo vya tezi, kila bodi na chake. Bila hivyo bodi hujaa maji taratibu na hutajua mpaka uko mbali.

Hatua ya 4: Chagua upepo

Kigoma iko upande wa mashariki wa ziwa. Upepo unaoshuka kutoka milimani unakupeleka Kongo, ziwa lina upana wa kilomita 50 hivi, na hakuna atakayekuona ukiondoka. Mwanzoni toka siku ambazo upepo unatoka ziwani, wa wastani, ili ukishindwa ukurudishe nchi kavu. Miezi ya kusi, Mei hadi Septemba, upepo una nguvu: bakia ndani ya ghuba, usipite rasi ya Bangwe. Masika, wingu jeusi likijitokeza rudi hapohapo, usisubiri radi ya kwanza.

Hatua ya 5: Ipindue makusudi

Wengi huiruka hatua hii, na mimi siwaelewi. Tafuta maji safi yasiyo na majani (kichocho kipo), mwombe mwenye boti awe karibu, kisha ilaze ubavuni. Ziwa letu huingia kina upesi, kwa hiyo mlingoti hauchomi tope. Usiiache kamwe, maana upepo huisukuma kuliko unavyoogelea.

Legeza demani zote, yaani kamba za kukaza matanga. Geuza chombo mpaka omo zielekee upepo. Rusha kamba ya kuinulia juu ya bodi iliyo juu, simameni wawili kwenye bodi ya chini, mjiegemeze nyuma kwa uzito wote. Inapanda polepole, halafu inaanguka kwa kishindo, hivyo shikeni fremu papo hapo isije ikaenda zake. Rudieni mpaka mikono izoee.

Hatua ya 6: Kubisha (kugeuka kwa kuvuka upepo)

Ni nyepesi, haina msukumo wa kuvuka upepo kama jahazi. Ukigeuza taratibu inakwama katikati na kuanza kurudi nyuma. Anza kugeuka ukiwa na mwendo, liache tanga dogo la mbele upande wa zamani mpaka omo zivuke, na legeza tanga kubwa kidogo zinapovuka. Ukikwama, usihangaike: sukuma bumu (boriti ya chini ya tanga kubwa) nje, geuza usukani kinyume, chombo kitarudi nyuma na kujipanga chenyewe.

Ukienda na upepo mkali nyuma, kaeni karibu na tezi. Omo zikizama, chombo kinapinduka mbele.

Hatua ya 7: Ukirudi

Ipandishe juu ya mstari wa mawimbi, toa vizibo maji yatoke, shusha matanga na yafunike, maana jua huyaharibu haraka. Funga fremu kwa vigingi viwili vilivyozama ardhini. Kusi ikivuma usiku, chombo kitupu cha kilo 145 hupeperuka ufukweni.